Hakathoni ya vifaa tiba: muuguzi abebe nini?

Swali: Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto katika hospitali moja upande wa Ahero, kaunti ya Kisumu. Chuo kimoja mjini kimetangaza hakathoni ya vifaa tiba, yaani mashindano ya kubuni vifaa kwa vikundi, kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili, na mkuu wangu amenipendekeza niende. Nina wazo la kifaa cha kulia dripu ikikaribia kuisha, kwa sababu usiku huwa niko peke yangu na watoto wengi. Lakini kompyuta naijua kwa kutuma ripoti tu, na nina hofu mbili: kwamba vijana wa uhandisi watanicheka, au watachukua wazo langu watajirike nalo. Halafu nisaidie na hili: habari za hakathoni tunazisikia kila mwaka, mbona vifaa vyenyewe sijawahi kuviona wodini?

Jibu: Sista, nenda. Badilishana zamu na mwenzako, mwombe mkuu wako barua, panda matatu ya Kisumu Ijumaa mchana. Ila hicho kifaa cha kulia kiache Ahero kwanza. Nitakueleza sababu, tena kwa urefu, maana swali lako la mwisho sisi tunaotengeneza mashine za hospitali tumekuwa tukilipita kando kwa miaka.

Ujue anayekujibu ni nani. Nimefanya uhandisi wa vifaa tiba, kazi ambayo wodini mnaiita biomedi, katika hospitali za huku magharibi kwa zaidi ya miaka ishirini. Hakathoni nimealikwa kadhaa, mara kama mshauri, mara kama jaji. Jumapili napiga makofi kama wengine. Jumatatu asubuhi naitwa nikaangalie mashine ya oksijeni iliyogoma. Kwa hiyo majibu yangu ni ya Jumatatu.

Neno lenyewe lilianza kwa waandika programu. Mwaka 1999 watengenezaji wa OpenBSD, programu ya kuendesha kompyuta, walikutana Calgary, Kanada, wakajifungia pamoja kuandika kodi za kompyuta, na mkutano wao wakauita hivyo. Watu wa tiba walilichukua baadaye. Chuo cha MIT, Marekani, kina kundi la Hacking Medicine tangu 2011, na Hospitali Kuu ya Massachusetts, kupitia mpango wake wa CAMTech, ilishirikiana na chuo kikuu cha sayansi cha Mbarara kuzileta hadi Uganda, kwa majirani zetu. Utaratibu ni uleule karibu kila mahali. Ijumaa jioni wenye shida husimama mmoja mmoja na kueleza shida zao kwa dakika moja hivi. Watu huzungukazunguka, wakajikusanya watano au sita kwa kikundi. Jumamosi ni kuchora, kukata, kuunganisha nyaya na kubishana. Jumapili kila kikundi kinanadi kazi yake mbele ya majaji kwa dakika chache, picha zinapigwa, watu wanarudi makwao.

Ile dakika moja ya Ijumaa ndipo wahudumu wengi wa afya hupotelea. Wanasimama na kusema, "Nataka kengele ya dripu." Mwanafunzi wa uhandisi akisikia kengele, kichwani mwake ameshamaliza kazi: sensa (kihisio) ya uzito, bodi ya Arduino ambayo ni kikompyuta kidogo, buza ya kulia, betri, kisanduku cha kuchapwa kwa printa ya 3D. Baada ya saa nne kifaa kinalia. Saa arobaini na nne zinazobaki zinatumika kukitengenezea programu ya simu na nembo. Hakuna aliyekuuliza dripu ikiisha kinaharibika nini.

Basi mimi nakuuliza. Dripu ikiisha saa kumi alfajiri, shida hasa ni ipi?

Mama wa mtoto anadhani ni hewa. Anakuja mbio kwenye meza yako, "Sista, pi orumo!", yaani maji yameisha, akiamini kwamba hewa inaingia kwenye mshipa wa mwanawe. Wewe unajua kuwa mara nyingi kinachotokea ni kingine: maji yakisimama, damu inarudi kidogo kwenye kanula, kile kimrija kilicho mshipani, inaganda, na kanula inaziba. Sasa unatafuta mshipa mwingine kwa mtoto aliyekauka kwa kuhara, tochi ya simu umeibana kwa kidevu, na mkono wa kushoto umeshachomwa mara tatu tangu jana. Antibiotiki ya saa kumi na mbili inachelewa. Hiyo ni shida moja.

Ya pili ni dripu inayokimbia. Mtoto amelala amekunja kiwiko, matone yanakwenda polepole, unafungua kigurudumu kidogo. Unaondoka. Anajigeuza, mkono unanyooka, na maji ya masaa manane yanaingia kwa saa moja. Kwa mtoto mwenye utapiamlo au upungufu mkubwa wa damu hilo si jambo la kuandikwa kwenye ripoti ya zamu tu. Unakumbuka jaribio la FEAST, lililofanywa Kenya, Uganda na Tanzania na kutolewa mwaka 2011. Watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na mzunguko mbaya wa damu waliangaliwa. Kati ya waliopewa maji mengi kwa haraka, takriban 10.5 kwa kila 100 walifariki ndani ya saa 48, na kati ya wale ambao hawakupewa hivyo, 7.3. Hao wa kwanza waliongezewa maji kwa makusudi, chini ya macho ya madaktari. Dripu ya kukimbia usiku haina hata daktari.

Ya tatu ni kinyume chake, dripu iliyolala. Uliiacha kwenye matone 21 kwa dakika, ukarudi ukakuta chupa iko vilevile.

Sasa angalia. Kengele ya uzito inayolia chupa ikibakiza mililita 50 inashughulikia ile ya kwanza kwa nusu tu, maana lazima uisikie, uache unachofanya na ufike kabla damu haijaganda. Ya pili haiigusi kabisa: itakulilia maji yakiwa yameshaingia yote. Kwa ya pili unahitaji kitu kinachohesabu matone, kwa kawaida mwanga wa infraredi unaopita kwenye chemba ya matone na kukatwa kila tone linapoanguka. Na hicho nacho kina vituko vyake, kwa mfano jua la dirishani likiipiga sensa inaweza kuchanganyikiwa. Tena kimeshaundwa. Kampuni ya Shift Labs ya Seattle inatengeneza DripAssist, kifaa kidogo kinachobanwa kwenye chemba na kuendeshwa na betri moja ya AA. Kwa hiyo kikundi chako kikisema kinavumbua kihesabu matone, swali linalofuata ni kwa nini kile kilichopo hakipo Ahero. Ni bei? Ni betri? Ni kwamba hakuna aliyewahi kukisikia? Jibu la swali hilo lina thamani kuliko kengele kumi.

Halafu ile ya kuziba kanula. Pengine dawa yake ni vifuniko vya kanula na sindano za kuisafishia, yaani suala la stoo na oda. Hapo mhandisi hana la kufanya, na ni vizuri alijue Ijumaa.

Hii ndiyo sababu nakwambia uache kifaa nyumbani na uende na shida. Kwenye ukumbi ule kutakuwa na watu thelathini wanaojua kuunganisha sensa, na pengine wawili waliowahi kumbadilishia mtoto kanula usiku. Kilicho adimu ni wewe. Ukiwaanzia na kifaa, umejigeuza mhandisi wa thelathini na moja, tena asiyejua kodi.

Una wiki chache, naamini. Nunua kijitabu cha mfukoni. Kila zamu andika tukio la dripu: saa ngapi, nini kilitokea, nani aligundua kwanza, ilichukua dakika ngapi kulimaliza. Majina ya watoto usiandike, wala usipige picha kitanda wala karatasi ya matibabu; Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawalinda wagonjwa wako hata kwenye simu yako. Ukifika na matukio ishirini ya kweli, kumi na mawili yakiwa ya kuziba, sita ya kukimbia na mawili ya kuisha bila mtu kujua, umefanya utafiti ambao kikundi kingine chochote mle ndani hakina. Na usishangae namba zikikugeuzia wazo lako mwenyewe.

Kuhusu kuchekwa. Nikupe kisa. Kwenye hakathoni moja ya huku, kikundi cha vijana watano kilitengeneza taa ya watoto wachanga wenye manjano. Kufikia Jumamosi saa tisa ilikuwa inawaka, LED za buluu safu tatu, imening'inia kwenye fremu ya mabomba ya plastiki. Ilipendeza, nakiri. Mkunga mmoja, mtu mzima, alikuwa ameketi nao tangu Ijumaa na hakuwa amesema maneno kumi. Akauliza, "Nikitaka kujua kama mtoto anageuka rangi kwa kukosa hewa, nitaionaje rangi yake chini ya buluu hii?" Kimya. "Na mama akitaka kunyonyesha, nani anainua fremu? Nina mkono mmoja, mwingine una mtoto."

Nilikuwa na kipimo cha mwanga kwenye begi. Tiba kali ya manjano inataka mwanga wa buluu, kati ya nanomita 460 na 490, na nguvu ya angalau mikrowati 30 kwa sentimita mraba kwa kila nanomita pale ngozi ya mtoto ilipo. Nikaweka kipimo mahali ambapo mtoto angelala. Kikasoma 6. Ilikuwa buluu kwa macho yetu, lakini kwa bilirubini, ile rangi ya manjano iliyo mwilini, ilikuwa taa ya harusi.

Hakuna aliyemcheka yule mama. Walihamisha viti wakamzunguka. Mpaka saa sita usiku walikuwa wameishusha taa karibu na mtoto, wameongeza LED, wamegundua kwamba sasa inachoma, wametafuta feni, na wameweka swichi kubwa ya kuzima kwa kiwiko ili mkunga aone rangi ya mtoto. Swichi ile ya kiwiko haikuwa imefikiriwa na mtu yeyote mwenye shahada. Hawakushinda. Alishinda mtu mwenye programu ya simu yenye grafu nzuri. Majaji nao ni binadamu, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Kwa hiyo usiogope kutojua kompyuta. Ogopa kunyamaza hadi Jumamosi saa tisa. Na kama unaweza, usiende peke yako: mwombe fundi wa biomedi wa hospitali yako aje, au fundi wa kuchomelea kutoka jua kali ya Kibuye. Wanafunzi huchora vitu ambavyo hakuna mahali pa kuvitengenezea Kisumu. Fundi wa Kibuye atawaambia palepale kwamba skrubu hiyo haipatikani, na mabati hayo yatashika kutu mkisafisha kwa Jik.

Hili la Jik nalitilia mkazo kwa sababu karibu kila kifaa cha hakathoni hufia hapo. Kitu kinachokaa kando ya kitanda kitafutwa kwa maji ya klorini kila siku, kitaanguka, kitamwagiwa uji, kitachomekwa kwenye soketi ambayo stima yake inapanda na kushuka. Uliza kikundi chako mapema: hiki kinapanguswaje? Na swali lingine nililowahi kuwanyimia watu alama kwa sababu yake: kikinyamaza, maana yake ni salama au betri imekufa? Kengele ambayo muuguzi ameizoea, kisha ikafa kimya, ni hatari kuliko kutokuwa na kengele, maana bila kengele ulikuwa bado unapita kitanda kwa kitanda.

Wizi wa wazo. Nitakuwa mfupi hapa. Wazo tupu, "kengele ya dripu", halilindwi na hataza (patenti) ya nchi yoyote, na wengi wameshaliwaza. Kinacholindwa ni namna mahususi ya kulitekeleza, na hiyo itatokea mkiwa kikundi, kwa hiyo itakuwa ya kikundi. Soma masharti ya waandaaji kabla ya kutia saini. Wengine husema kila kitu ni cha washiriki, wengine hujitengea sehemu. Ijumaa hiyohiyo, kabla ya kushika waya, andikeni karatasi moja: nani yumo, na kikiuzwa mtagawanaje. Sainini wote. Kenya, Sheria ya Mali ya Kiviwanda ya 2001 inampa mvumbuzi miezi 12 ya kuomba hataza baada ya yeye mwenyewe kuuonyesha uvumbuzi wake hadharani, na maombi hupelekwa KIPI, taasisi ya serikali ya mali ya kiviwanda, Nairobi. Ulaya hakuna nafasi hiyo. Ukishanadi jukwaani, imekwenda. Na mwambie mwajiri wako mapema, kwa maandishi, kwa sababu ukitumia muda na vifaa vya hospitali, siku kitu kikileta pesa utaulizwa ni cha nani. Zaidi ya hayo, usikose usingizi. Katika miaka yangu yote sijaona wazo la muuguzi likiibwa na kumtajirisha mtu. Nimeona mengi yakiachwa.

Na hapo ndipo tunafika kwenye swali lako zito: mbona hamvioni wodini?

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nahesabu vifaa kwenye stoo ya hospitali moja ya kaunti. Nyuma ya kitanda kilichovunjika miguu nikakuta kisanduku cheupe chenye stika ya hakathoni. Nilikijua. Nilikuwepo kilipopewa zawadi, na nilipiga makofi. Kilikuwa cha kumpa joto mtoto njiti. Mmoja wa waliokitengeneza alikuwa amepata kazi Nairobi, mwingine amerudi kumaliza masomo, muuguzi wao amehamishwa kaunti nyingine. Waya wa kukichaji ulikuwa umekatwa na mtu aliyehitaji waya. Hakuna aliyefanya kosa kubwa. Jumapili iliisha, na Jumatatu haikuwa na mwenyewe.

Sasa weka hilo kando ya jambo hili. Mwaka 2011 Lora Perry na Robert Malkin walikusanya hesabu ya vifaa tiba zaidi ya 112,000 kutoka hospitali za nchi 16 zenye kipato kidogo. Vilivyokuwa havifanyi kazi vilikuwa asilimia 38.3. Sababu kubwa walizozitaja ni tatu: ukosefu wa mafunzo, usimamizi mbovu wa vifaa, na miundombinu kama umeme. Ukosefu wa uvumbuzi haumo. Kwa hiyo wodi yenye mashine tano, mbili zimelala, tunaiongezea ya sita ambayo haina spea, haina kitabu cha maelekezo, haina mtu aliyefundishwa kuitengeneza. Mimi ndiye nitakayeipokea, na kwangu itakuwa ya tatu kulala.

Hata kikundi kikibaki pamoja, njia ni ndefu. Kabla kifaa hakijamgusa mgonjwa, lazima kamati ya maadili ya utafiti ikikubali, na utafiti wenyewe uwe na kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Kabla hakijauzwa, Bodi ya Dawa na Sumu lazima ikisajili, na hapo vifaa hupangwa kwenye madaraja A hadi D kulingana na hatari yake. D ndilo la hatari kubwa zaidi. Kiwanda kitaulizwa habari za ISO 13485, kiwango cha usimamizi wa ubora, na kifaa cha umeme kitaulizwa habari za IEC 60601, kiwango cha usalama wa umeme. Hayo si maneno ya kukutisha. Ni kwamba mashine inayovujisha umeme kidogo kwenye mkono wenye kanula inaweza kuua, na viwango hivyo viliandikwa ili isitokee. Baada ya hapo kuna kaunti kuikubali kwenye bajeti yake, jambo ambalo lina kalenda yake.

Vinavyofika, hufika kwa miaka. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rice, Texas, walitengeneza mashine ya kuwasaidia watoto wachanga kupumua, ile ya CPAP ya mapovu, kwa pampu za tangi la samaki na kisanduku cha kuwekea viatu. Shida walipewa na madaktari wa Malawi. Ikajaribiwa Hospitali ya Queen Elizabeth, Blantyre, na matokeo yaliyochapishwa 2014 yalionyesha kwamba kati ya watoto wachanga wenye shida kali ya kupumua, waliowekwa kwenye mashine ile walinusurika 71 kwa kila 100, na waliopewa oksijeni ya puani pekee 44. Leo inaitwa Pumani. Kati ya kile kisanduku cha viatu na hospitali za wilaya za Malawi kulikuwa na kampuni ya kuiunda, wauguzi wa kuifundisha, na mafundi wa kuitengeneza. Hiyo haikutoka hakathoni. Kilichotoka hakathoni ni kile cha Data Santorino, daktari wa watoto wa Mbarara, na wahandisi wa Boston: kijifaa kinachokaa kati ya barakoa na mfuko wa ambu, ule wa kumpulizia mtoto hewa kwa mkono, kinampima mtoa huduma kama hewa inavuja, kama njia imeziba, kama anapuliza haraka mno. Wikendi iliwakutanisha. Kazi yenyewe ilifuata kwa miaka ya majaribio.

Na wakati mwingine kisichokuwa kifaa ndicho kinachofika. Wewe umefundishwa kuzuia damu baada ya kujifungua kwa kondomu iliyofungwa kwenye katheta na kujazwa maji. Aliyelianzisha ni Sayeba Akhter, daktari wa akina mama wa Bangladesh, kwa vitu ambavyo tayari vilikuwa kwenye kabati la wodi. Hakuna betri, hakuna spea ya kuagiza.

Kisa changu ninachokipenda zaidi katika mambo haya ni cha aibu kidogo. Mashine ya oksijeni inafyonza hewa ya wodi, ambayo asilimia 21 tu ni oksijeni, inaisukuma kwenye chembe za zeolaiti zinazoshika naitrojeni, na kutoa oksijeni ya asilimia 90 na zaidi. Hewa huingia kupitia sponji nyuma ya mashine, na sponji hiyo inatakiwa kuoshwa kila wiki. Kiangazi cha vumbi kikija, inaziba ndani ya siku chache, mashine inapata joto, oksijeni inashuka, na mimi naitwa. Kikundi kimoja kilikuja kwenye hakathoni na mpango wa sensa ya kutuma ujumbe kwangu sponji ikichafuka. Mama wa usafi aliyealikwa, nadhani kwa bahati, akasema tatizo lake ni kwamba akiiosha inakaa mbichi hadi jioni, na mashine haiwezi kusubiri. Wakaacha sensa. Wakanunua sponji za ziada, wakapigilia msumari ukutani wa kuzikaushia kwa zamu, na kubandika karatasi: Jumatatu ya mashine, Jumatatu ya msumari. Majaji hawakuwapa kitu. Wodi ile ilipunguza kuniita.

Kwa hiyo ukifika kule, kabla ya Jumapili kuisha, lazimisha mambo mawili yaandikwe. Kwanza, nani ataishika Jumatatu: jina, namba ya simu, na tarehe ya kukutana tena ndani ya wiki mbili, Ahero, kwenye wodi yako, zamu ya usiku ikiwezekana. Wale watakaokuja usiku ndio kikundi chako, wengine walikuja kwa ajili ya wikendi, na hakuna ubaya. Pili, mwambie mtu mmoja wa chuo, mhadhiri hasa, aligeuze kuwa mradi wa mwaka wa mwisho wa mwanafunzi. Mradi wa mwaka una mwalimu anayedai alama na una miezi. Usitegemee zawadi ya pesa. Nyingi huisha kwa nauli na stika.

Sasa mzigo wa kubeba. Chukua chupa tupu ya mililita 500, uijaze maji ya bomba, seti yake ya dripu, kanula moja ambayo haijatumika, beseni dogo, na plasta. Najua mna ule utaratibu wa kubandika plasta ndefu ubavuni mwa chupa na kuandika masaa kwa kalamu, saa mbili, saa nne, saa sita, ili ukipita uone kwa jicho moja kama maji yako chini ya alama au juu yake. Wengi wa vijana wale hawajawahi kuiona. Dakika yako ikifika, usieleze. Tundika chupa mahali palipoinuka, mpe mmoja wao ncha ya mpira aishike juu ya beseni, weka matone 21 kwa dakika, na umwambie ahesabu huku wewe unaendelea kuongea na wengine. Kisha mwambie ashushe mkono kidogo, kama mtoto anayejigeuza, ahesabu tena.